Mjapani Hana Ndugu Singida

Kabla ya gari lile kufika, Hezekia alikuwa hajaitwa mwizi hata na mlevi. Na walevi wa Unyambwa tunawajua, hawabakizi mtu.

Udereva wake ulianzia kwenye chama cha ushirika, enzi ambazo mbele ya dereva kulikuwa na mishale mitatu tu: wa spidi, wa joto la injini, na wa mafuta, na huo wa mafuta ulikuwa umekufa. Mafuta yalipimwa kwa fimbo. Unafungua tangi, unatumbukiza fimbo kavu, unaichomoa, karani anatazama imelowa mpaka wapi, safari inaanza. Hezekia alibeba alizeti ya Iramba kwa miaka mingi, na fimbo yake haikuwahi kugombana na karani hata mmoja. Ushirika ulipokufa, wakati serikali ilipojitoa kwenye biashara na kila mwenye gunia akajiita mfanyabiashara, waajiriwa waliondoka na walichoweza. Wengine matairi, wengine mizani, mmoja alibeba hata mlango wa ofisi. Hezekia aliondoka na fimbo yake. Mkewe Eliana aliisimamisha nyuma ya mlango, akawa anaitumia kufukuzia kuku.

Katika makarani wa ushirika alikuwapo kijana mmoja, Laurenti, ambaye hakubeba chochote ila kichwa chake, na kumbe mali yote ilikuwa humo. Alijua mpunga wa bonde la Wembere unashuka bei lini na nani anao, alijua Singida Mjini wanakula kiasi gani, na soko huria lilipofunguliwa yeye alikuwa ameshasimama mlangoni. Baada ya miaka akawa na ghala sokoni. Kisha akaenda Dar es Salaam akanunua pikapu ya milango minne, iliyotumika Japani mpaka Wajapani wakaichoka, akamfuata Hezekia nyumbani kwake Unyambwa.

"Shikamoo mzee," alisema, kwa kuwa alikuwa mdogo sana kwake na malezi alikuwa nayo. "Naikumbuka fimbo yako. Nataka dereva wa namna ile."

Sasa lile gari. Ukiwasha ufunguo, dashibodi ilitoa taa nyingi kuliko mtaa mzima wa Unyambwa. Nyingine zilikuwa na picha ya betri, nyingine ya mtu aliyejifunga mkanda, nyingine hazikufanana na kitu chochote alichowahi kukiona Hezekia duniani. Katikati palikuwa na kidirisha cheusi chenye tarakimu za kijani, vitufe viwili pembeni, na maandishi ya Kijapani yaliyokaa kama mahali kuku walipochakura. Muuzaji wa Dar es Salaam alikuwa amemfundisha Laurenti jambo moja tu. Gari likiondoka, bonyeza hapa, shikilia mpaka isome sifuri. Likirudi, soma: hiyo ndiyo lita moja imekwenda kilomita ngapi. Dereva akinyonya mafuta njiani kwa mpira, itamtaja.

Hilo la mwisho lilikuwa uongo wa mtu anayetaka kuuza. Kidirisha kile kilijua mafuta yaliyopita kwenye injini tu. Ambayo yangetoka kwa mpira kisingeyajua hata kidogo. Lakini Laurenti aliyaamini maneno yale kuliko alivyoamini mahubiri. "Dereva ana shemeji," aliwaambia wenzake ghalani, "mwenye kituo cha mafuta ana risiti za kila rangi, lakini Mjapani hana ndugu Singida." Msemo ule ulizunguka soko zima, watu wakawa wanausema hata kwenye mizani ya vitunguu.

Kila Hezekia alipoondoka, bosi alibonyeza mwenyewe. Kila aliporudi, bosi aliinama dirishani akasoma. Tisa. Tisa na kidogo. Kwa pikapu ya dizeli inayopanda na mzigo, tisa ni kazi ya mtu anayejua kuachia mguu mapema na kubadilisha gia kabla injini haijalalamika. Hezekia aliionea fahari. Hata kanisani, akipita na kikapu cha sadaka, maana alikuwa mzee wa kanisa na kikapu kilikuwa mkononi mwake tangu Aneth, binti yao, akiwa mtoto wa kubebwa, ungeweza kuiona ile tisa katika mwendo wake.

Kisha akaugua ngiri, akapasuliwa, akaambiwa asikae kwenye usukani mpaka kidonda kipone. Gari akapewa Chrispin, mtoto wa dada yake Laurenti, kijana mchangamfu aliyeamini kwamba mguu umewekewa pedali ili ukanyage. Na hapa nisimame niseme wazi kilichotokea, kwa sababu hakuna mwingine atakayekisema.

Chrispin alisikiliza redio na injini imezimwa mpaka betri ikafa. Wakamwita Manase, fundi umeme wa pale karibu na soko. Akaitoa betri, akaweka nyingine. Kidirisha kiliporudi kilikuwa kinapepesa na kuuliza kitu kwa Kijapani. Manase, ambaye hajui Kijapani kama mimi na wewe tusivyokijua, akabonyeza kitufe hiki, akabonyeza kile, akavibonyeza vyote kwa pamoja, mpaka kikaacha kupepesa. "Imekubali," akasema. Kweli ilikubali. Ila tangu dakika ile haikuhesabu tena lita moja imekwenda kilomita ngapi. Ilihesabu kilomita mia zimekula lita ngapi. Zamani namba kubwa ilikuwa sifa. Sasa namba kubwa ilikuwa ulafi.

Kulikuwa na vijiherufi vya kipimo pembeni ya namba, vya kawaida kabisa, si vya Kijapani, ambavyo mtoto wa darasa la tano angevisoma akaona vimebadilika. Lakini siku ileile taa ya njano ya injini iliwaka. Sisi taa ikiwaka hatuiulizi inataka nini; tunaiziba. Chrispin alikata teipu nyeusi kipande kirefu, akaibandika taa, na teipu ikapita hapohapo juu ya vile vijiherufi. Namba ikabaki peke yake, bila jina.

Chrispin alirudi kutoka Shelui, kule bondeni kwenye mchele, amekanyaga njia nzima. Laurenti akainama dirishani. Kumi na nne nukta sita.

Alisoma mara ya pili. Akamkumbatia mpwa wake. Halafu furaha ikamtoka polepole usoni, akakaa juu ya gunia, akaanza kuwaza juu ya ile tisa. Kama mtoto aliyepata leseni juzi anapata kumi na nne, yule mzee mwenye miaka yake yote barabarani, zile tano zilizobaki alikuwa anazipeleka wapi?

Hezekia aliporudi kazini, bado anatembea ameshika kiuno, alikuta shikamoo yake ipo. Ilitolewa vizuri, mbele ya wapagazi, kisha Laurenti akamvuta nyuma ya magunia.

"Mzee, mimi nakuheshimu. Nataka uniambie mwenyewe kabla sijasema mimi."

"Nikwambie nini bosi?"

"Chrispin anapata kumi na nne. Wewe tisa. Kikulacho ki nguoni mwako, mzee wangu."

Hezekia hakuelewa, kisha akaelewa. Hakukasirika, na hapo ndipo alipokosea. Mtu wa haki angepiga kelele. Yeye alisema taratibu, "Nipe safari moja, bosi. Nitaendesha kwa uangalifu, utaona." Alikuwa na hakika kwamba kama kuna kitu kinaitwa kumi na nne, basi mguu wake utakifikia. Mwenda pole hajikwai.

Akaenda pole. Akaachia mguu mapema kuliko alivyowahi kuachia. Aliondoa mizigo isiyo ya lazima, jeki nzito na kamba, akazilaza nyumbani. Alijaza upepo matairi. Hakupita mtu hata mmoja barabarani, na baiskeli za wauza mkaa zilimpita kwenye vilima. Aliporudi Laurenti aliinama dirishani na kusoma kumi na moja nukta nane.

"Imepanda kidogo, bosi," Hezekia alisema kwa matumaini. "Ilikuwa tisa."

"Imeshuka kutoka kumi na nne," alisema Laurenti.

Safari iliyofuata alikwenda polepole zaidi. Kumi na moja nukta tatu. Iliyofuata hakufungua hata dirisha, maana aliwahi kusikia upepo unazuia gari, akarudi ameloa jasho kama aliyetoka kulima. Kumi na moja kamili. Mtu anachimba kisima, kadiri anavyochimba ndivyo maji yanavyokimbia. Unadhani atafanya nini? Atachimba zaidi. Hezekia alichimba. Usiku na mchana alikuwa na namba ile machoni, na kila ilipoteremka alihisi kama kuna mkono unaomvuta shati kutoka nyuma. Alianza kujishuku mwenyewe. Labda analala kwenye usukani na mtu ananyonya. Labda tangi limetoboka. Alilala chini ya gari kwa tumbo lake lenye mshono, akapapasa tangi lote, likawa kavu kama mkono wake. Akaitoa ile fimbo nyuma ya mlango, akafungua kifuniko cha mafuta, akaitumbukiza. Fimbo ilikwenda kiasi cha kiganja ikagota. Magari haya shingo ya tangi imepinda. Akasukuma, akazungusha, fimbo ikakataa.

Eliana alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, anamtazama mumewe anavyohangaika na fimbo ya kuku.

"Baba Aneth," alisema, "kuna nini kwenye hilo gari?"

Akapita pembeni yake, akairudisha fimbo nyuma ya mlango. Na ukimya wa mume, wanawake wanaujua, kila mara una kitu ndani yake.

Maneno yalishafika kanisani, kwa sababu wapagazi wa Laurenti wana wake na wake wana kwaya. Laurenti mwenyewe alikuwa ameacha kumwamkia. Alianza kwa kusema "habari za leo, mzee," baadaye "vipi, dereva," na siku moja, mbele ya wateja, akamnyooshea ufunguo bila neno lolote, kama unavyompa mbuzi majani. Hezekia alisema baadaye kwamba angeweza kuvumilia kuitwa mwizi na mtu anayemwamkia shikamoo. Kunyimwa shikamoo na mtoto ndiko kulikomvunja.

Kisha mwinjilisti Zefania alikuja nyumbani na wazee wawili. Waliongea mvua, waliongea mtama, ndipo mwinjilisti akasema kwa upole kwamba ingefaa Hezekia akipumzishe kikapu cha sadaka mpaka maneno yapoe, na asishiriki meza ya Bwana kwa sasa. Hakuna aliyemhukumu. Ila watu wanasema, na lisemwalo lipo.

"Kama halipo laja," alimalizia Hezekia kwa uchungu.

Walipoondoka Eliana hakulia. Alifunika chungu, akakaa mkabala naye, akaongea kwa Kinyaturu, lugha ambayo waliitumia kwa mambo ya ndani kabisa. Alisema hivi: kama uliiba, uliiba. Wanaume wameiba ushirika mzima na bado wanakula nyama. Lakini mimi sijaona hata kanga moja. Aneth alirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa sweta. Bati la jikoni linavuja tangu mwaka wa njaa. Kwa hiyo kama ulikuwa unauza mafuta ya watu, hela ilikwenda kwa nani?

"Haikwenda kwa mtu."

"Hela lazima iende kwa mtu, Baba Aneth."

Hapo Hezekia aliona shimo lilivyo. Alidhani anapigania kazi, kumbe kazi ilikuwa ndogo. Mkewe, kichwani mwake, alikuwa ameshamtafutia mwanamke Shelui, amempa na nyumba, amempa na watoto, na kila namba iliyoshuka kwenye kile kidirisha ilikuwa inamnunulia yule mwanamke kitenge. Angemwambia nini? Aape? Alikwisha kuapa. Mwizi naye huapa.

Laurenti akatoa neno la mwisho asubuhi ya safari ya Shelui. Alibonyeza kitufe, akakishikilia mpaka sifuri, akasema bila kumtazama, "Ikirudi chini ya kumi na nne, ufunguo uuache mezani. Na polisi nitawapitia mwenyewe."

Hezekia aliondoka na madebe ya mafuta ya alizeti nyuma, akaomba Mungu njia nzima, na hakuna njia aliyoiendesha vizuri kama ile. Alifika Misigiri namba ikisoma kumi na moja. Alifika juu ya mlima Sekenke, mahali barabara inapoanza kuteremkia bonde la Wembere kwa kona moja juu ya nyingine, na pale wazo likamjia. Enzi za ushirika madereva wachoyo walishuka Sekenke injini imezimwa, mafuta ya mlima mzima wakayabakiza. Yeye hakuwahi kulifanya. Aliwahi kusaidia kuwatoa makorongoni waliolifanya.

"Mungu si Athumani," alisema kwa sauti, akaweka gia huru, akazima, akarudisha ufunguo hatua moja ili usukani usifunge.

Gari lilinyamaza. Likaanza kwenda lenyewe. Kona ya kwanza aliipata. Ya pili usukani ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, kwa sababu magari haya yamezoea kusaidiwa na injini, na alipokanyaga breki, pedali ikagoma, ngumu, haiendi chini. Akasimama juu yake kwa miguu miwili. Mshono wa tumbo ulimchoma kama umefunguka. Bonde lote la Wembere lilikuwa mbele yake, jeupe kwa jua, na alilitazama na kufikiri, nikienda huko sasa hivi, watasema alijiua kwa sababu ni kweli aliiba. Hicho ndicho kilichomwokoa. Aliugeuza ufunguo, injini ikashika, pedali ikarudi kuwa pedali, na gari likasimama likinuka breki, gurudumu la mbele limeshakanyaga mawe ya ukingoni.

Alivuta breki ya mkono. Ndipo akathubutu kutazama kidirisha. Kumi nukta nne.

Alilia. Mtu mzima, mwenye mvi, mwenye mtoto wa sekondari, alilalia usukani akalia kwa sauti. Ameweka roho yake rehani kwa Mjapani, na Mjapani amempunguzia.

Shelui walimpakia magunia ya mchele mpaka springi zikalala. Hakuhesabu, hakupinga. Alianza kuupanda mlima akiwa hana tena neno la kumwomba Mungu, na mguu wake, ule mguu uliokuwa na adabu tangu ujana, aliuachilia. "Potelea mbali," alisema. Akakanyaga mpaka sakafuni. Gia ya kwanza, ya pili, kurudi ya kwanza. Injini ilipiga kelele, moshi mweusi ukafunika barabara nyuma yake, mshale wa joto ukapanda. Hakujali. Kama ni kuitwa mwizi, basi aue na gari.

Karibu na kilele jicho lake lilipita kwenye kidirisha kwa mazoea tu. Kumi na moja nukta tano.

Akadhani ameona vibaya. Akakanyaga. Kumi na moja nukta sita. Nukta saba. Moshi unatoka kama wa tanuru la matofali, na namba inapanda. Alifika juu akaendelea kukanyaga kwenye tambarare, akachelewesha gia makusudi, akafunga breki pasipo na sababu na kuondoka tena kwa kishindo, akafanya mambo yote ambayo kwa miaka mingi aliwakataza vijana. Kumi na mbili. Kumi na mbili na nusu. Kumi na tatu.

Alipokaribia Unyambwa ilikuwa kumi na tatu nukta tisa na nyumba za mji zilishaonekana. Akasimamisha gari pembeni ya barabara, karibu na shamba la alizeti lililovunwa. Akaweka gia huru. Akakanyaga. Gari limesimama palepale, injini inanguruma, mkulima mmoja aliinua kichwa akamshangaa, na tarakimu ya kijani ikageuka: kumi na nne. Akakanyaga tena. Kumi na nne nukta moja. Nukta mbili.

Hapo akajua. Gari limesimama. Kilomita haziongezeki hata moja. Kinachokwenda ni mafuta peke yake, yanakwenda angani, na namba inapanda. Basi hii si namba ya kilomita. Hajui ni namba ya nini, ila anajua ni nini siyo. Alijua pia, mara moja, kwamba safari zile zote za jasho na madirisha yaliyofungwa alikuwa anajichimbia kaburi kwa mikono yake mizuri. Alicheka kidogo, kicheko kibaya, na mguu hakuuondoa. Aliukandamiza pale mpaka kidirisha kiliposoma kumi na tano.

Laurenti aliinama dirishani. Wapagazi walikuwa wamesimama, Chrispin yupo, na watu wawili wa soko waliokuja kuona mzee anavyofukuzwa. Bosi alisoma. Akainuka, macho yamemlegea, akamshika Hezekia mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mzee wangu."

Hezekia alikuwa ameyapanga maneno tangu kwenye shamba la alizeti. Bosi, hebu tuiwashe hapahapa, isimame hivihivi, utaona inavyopanda. Yalikuwa maneno mafupi. Yangemgharimu Laurenti aibu mbele ya soko zima, na Chrispin zaidi. Lakini ile shikamoo ilikuwa imeshatoka, ya kwanza baada ya muda mrefu, nayo haiachwi hewani.

"Marahaba," alisema.

"Yamekwisha, mzee. Binadamu hukosa. Umejirudi mwenyewe, mimi sina neno tena."

"Bosi, hii namba, hebu sikiliza, gari ikiwa imesimama..."

"Nimesema yamekwisha." Laurenti alimpigapiga bega. "Usije ukanifundisha gari yangu leo, wakati nimefurahi."

Wakacheka wote. Na dizeli iliyounguzwa siku ile? Laurenti aliilalamikia wiki nzima, akisema soko huria limewaharibu wenye vituo, kila siku bei mpya.

Eliana alikuwa ameshapata habari kabla mumewe hajavua viatu. Alimwekea maji ya moto ya kuoga, jambo ambalo lilikuwa limekoma nyumbani mle. Uso wake ulikuwa umefunguka.

"Kwa hiyo umeacha," alisema.

"Nimeacha nini?"

"Namba imepanda, Baba Aneth. Kama hukuwa unaiba, ingepandaje?"

Alimweleza. Alimweleza yote, mlima, moshi, shamba la alizeti, gari lililosimama na tarakimu iliyopanda. Alieleza kwa Kiswahili, akaeleza kwa Kinyaturu, na kadiri alivyoeleza alijisikia mwenyewe anavyofanana na mtu aliyeshikwa na kuku kwapani. Eliana alimsikiliza mpaka mwisho kwa subira ya mama anayesikiliza mtoto mwongo. Kisha akampigia magoti, mke wa miaka yote ile, akamshika miguu.

"Nakuomba kitu kimoja tu. Nenda kwa mwinjilisti, useme, urudi kundini. Ukisema mbele ya watu, mimi nitasahau. Sitakuuliza tena kitu chochote mpaka nife."

Jumapili aliitwa mbele, kama desturi ya kanisa lao kwa anayerudi. Alisimama chini ya mimbari na koti lake la harusi, kusanyiko zima likimtazama, Laurenti benchi la tatu, Eliana upande wa wanawake na kilemba kipya. Mwinjilisti Zefania aliuliza kwa sauti ya upole kama ndugu Hezekia anakiri kwamba alikosa katika mafuta ya mwajiri wake.

Hezekia alimtazama mkewe. Akayakumbuka yale mafuta aliyoyachoma kando ya barabara, ya mtu mwingine, akiwa na akili zake timamu. Hayo kweli aliyaiba.

"Nakiri," alisema.

Eliana ndiye aliyeanzisha wimbo. Kikapu kikarudishwa mikononi mwake, akapita nacho safu kwa safu, na watu walitoa kwa ukarimu. Nyumbani walichinja jogoo. Wakala, majirani wakaja wakaondoka, Eliana akaosha vyombo, akaja akakaa karibu na mumewe kwenye kiti kirefu, begani kwake kabisa, kama zamani.

"Nimekusamehe," alisema. "Kwa moyo wote. Niambie tu basi, tuyamalize. Ulikuwa unampa nani?"

Hezekia alitafuta jina la kumwambia, na hakulipata.